Fréhel alikuwa kazini

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, hamjambo.

Nilipoombwa kuja kuzungumza juu ya mwimbaji mmoja wa kigeni, nadhani walioniomba walimtarajia Édith Piaf, maana jina la Piaf hata asiyejua neno la Kifaransa amewahi kulisikia. Nimewaletea mwingine. Anaitwa Fréhel. Alimtangulia Piaf, aliimba mitaa ileile, akavuma, akapotea, akarudi, akafa mwaka 1951 katika chumba cha hoteli ya ovyo mtaa wa Pigalle, Paris. Nikiishia hapo mtakuwa mmeshaanza kumwonea huruma, na huo ndio ugomvi wangu na wengi wanaomsimulia. Wanaanza na pombe, wanafuatia na kokeini, kisha orodha ya wanaume. Kuimba kwake wanakukumbuka mwishoni kabisa, kama wageni wa shughuli wanaomshukuru mpishi sufuria zikiwa zimeshaoshwa.

Na mimi nilikuwa hivyohivyo. Nimefanya kazi ya redio miaka mingi, upande wa kupanga muziki, si wa kutangaza. Mimi ni yule mtu asiyejulikana anayelaumiwa wimbo ukikatika. Siku moja mwenzangu wa zamu ya usiku akaniletea filamu kwenye kidude cha USB. Akaniambia, "Mzee, usilale, kuna mama anaimba humo." Filamu ni Pépé le Moko, ya mwongozaji Julien Duvivier, iliyotoka mwaka 1937. Hadithi iko Algiers, kwenye mji wa kale wa Kasba, ingawa sehemu kubwa ya vichochoro tunavyoviona ilijengwa studioni Ufaransa. Jean Gabin ni Pépé, jambazi kutoka Paris aliyejificha humo. Polisi hawawezi kumkamata akiwa ndani, naye hawezi kutoka. Ana hamu ya kwao hadi inamtafuna.

Sasa yuko chumbani na mwanamke mnene wa makamo, anaitwa Tania. Huyo ndiye Fréhel. Ukutani pana picha ya msichana mzuri sana, shingo ndefu, macho makubwa. Tania anamwambia Pépé kwamba yeye moyo ukimzidi hubadilisha zama: huirudia enzi yake ya ujana. Anaweka santuri kwenye gramafoni. Wimbo unaanza, na sauti ya kwenye sahani ni ya Fréhel mwenyewe. Maneno yanawasema wale waliokwenda Marekani kutafuta utajiri, sasa wamekaa ugenini wanauliza kiko wapi kile kinu cha Place Blanche kule Paris, liko wapi duka la sigara, kiko wapi kilabu cha pombe cha pale kona. Anasikiliza. Anaitazama picha ya ukutani, ambayo ni picha yake ya kweli ya usichana. Halafu anafungua mdomo, anaingia juu ya sauti yake mwenyewe. Wanaimba wawili: mama aliyekaa hapo, na yule wa kwenye santuri. Machozi yanamtoka.

Nililia. Sioni haya kusema. Nililia studioni saa nane za usiku na kipindi kinaendelea.

Lakini ugonjwa wa kazi yetu ni kurudia. Niliirudisha nyuma nikasikiliza tena, na tena, na nadhani ni mara ya nne nilipoacha kulia nikaanza kuona. Kwanza, haharakishi. Anaiachia sahani itangulie, anatupa muda wa kuizoea sauti ile kabla hajaongeza yake. Pili, anapoingia hashindani na sahani. Sauti ya pili ameiweka chini kidogo, yenye mikwaruzo, kama mtu anayejiimbia huku akikunja nguo. Angeimba kwa nguvu zote tungesikia mwimbaji. Yeye anataka tumsikie mama wa nyumbani. Na machozi yale hayaharibu hata noti moja. Waliowahi kuimba huku wanalia hapa ndani wanajua koo linavyofunga. Lake halikufunga.

Kisha kuna jambo dogo ambalo wengi hulipita. Picha ya ukutani ni ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, alipokuwa binti. Wimbo wenyewe ni wa miaka ya 1920, alipokuwa ameshakuwa mama mtu mzima. Kwa hiyo sauti ya kwenye sahani si sauti ya yule msichana wa picha hata kidogo. Duvivier amevigandisha pamoja vitu viwili visivyo vya umri mmoja, naye Fréhel anaigiza kana kwamba ni kitu kimoja, na sisi tunaamini. Watu huiona sehemu ile wakasema, maskini, hakuwa akiigiza, alikuwa analia maisha yake. Mimi nasema alikuwa kazini. Alikuwa na miaka 45, na kazi yenyewe alikuwa ameianza tangu utotoni.

Turudi huko basi.

Jina lake la kuzaliwa ni Marguerite Boulc'h. Wazazi wake walikuwa watu wa Bretagne, ile sehemu ya magharibi ya Ufaransa inayochomoza baharini, waliokuja Paris kama walivyokuja maelfu wa kwao, kutafuta kibarua. Alizaliwa tarehe 13 Julai 1891, boulevard Bessières, ukingoni kabisa mwa jiji upande wa kaskazini. Neno "ukingoni" nalisema kwa maana yake halisi. Paris ya wakati ule ilikuwa imezungukwa na ukuta wa kijeshi uliojengwa miaka ya 1840, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 30, na boulevard Bessières ilipita ndani yake, sambamba nao. Nje ya ukuta paliachwa ukanda ambao sheria ilikataza kujengwa, ili mizinga iwe na nafasi ya kulenga. Mnajua kinachotokea mahali palipokatazwa kujengwa. Palijaa vibanda vya mbao na mabati, waokota makopo, waliofukuzwa kwingine kote. Jumapili watu wa mjini walikwenda kukaa juu ya majani ya ukuta ule, wakala, wakacheza muziki, wakachomana visu. Wenyewe waliuita kwa mkato, fortifs. Likumbukeni neno hilo, nitalirudia.

Mtoto aliyekulia hapo alianza kuimba barabarani angali mdogo sana. Alipofika miaka 15 hivi alikuwa akitembeza vipodozi mlango kwa mlango, na inasimuliwa kwamba biashara hiyo ndiyo iliyomfikisha kwa La Belle Otero, mchezaji maarufu kutoka Hispania ambaye Paris nzima ilimjua. Otero akamwona, akamsikia, akamsogeza jukwaani. Akapewa jina La Môme Pervenche. Pervenche ni ua dogo la rangi ya samawati. La Môme ni kama kusema "kabinti", lugha ya mtaani. Miaka karibu 30 baadaye mwenye kilabu mmoja, Louis Leplée, alimwokota barabarani msichana mwingine aliyekuwa akiimba kuomba sarafu, akambatiza La Môme Piaf. Kwa hiyo hata hilo "kabinti" Piaf alilikuta.

Hapa inabidi nieleze jukwaa lenyewe lilikuwa la namna gani, maana mkisikia Paris mnaweza kufikiria viti vyekundu na watu waliovaa tai. Palikuwa na kitu kilichoitwa café-concert: mkahawa wenye jukwaa. Hulipii wimbo, unalipia kinywaji. Watu wanakunywa, wanavuta, wanaitana, mhudumu anapita na sinia la glasi, na wewe uko juu pale bila kipaza sauti, maana hakikuwepo. Baadaye zikaja zile kumbi kubwa za music-hall, za tiketi, ambamo mwimbaji alipangwa kati ya mtu wa sarakasi na mbwa waliofundishwa kupanda ngazi. Nyinyi mliozoea taarabu, ambamo msikilizaji anainuka na noti mkononi kuja kutunza, mnaelewa hali ya kuimba huku watu wanatembea. Ila kule ukichosha hutunzwi kimya. Unazomewa.

Ndipo waimbaji wa kizazi kile walipojifunza kutamka. Sikilizeni santuri yoyote ya Fréhel: kila silabi inafika. Herufi r anaikokota kooni na kwenye ulimi hadi unaihesabu. Si mapambo yale. Ni silaha ya mtu aliyelazimika kushinda kelele za glasi akiwa na miaka 17.

Mambo ya mapenzi nitayapita mbio, kwa makusudi. Aliolewa na msanii aliyejulikana kama Roberty, wakapata mtoto aliyefariki akiwa mchanga, kisha mume akamfuata Damia, mwimbaji mwingine. Akawa na Maurice Chevalier, kijana wa jukwaani ambaye baadaye Hollywood ilimfanya tajiri. Chevalier akamwacha akaenda kwa Mistinguett, aliyemzidi Chevalier miaka 13. Kufikia hapo Fréhel alikuwa ameshaingia kwenye kokeini. Kabla ya vita akaondoka Ufaransa, ameshaliacha jina la ua na kujiita Fréhel, jina la rasi moja ya miamba huko Bretagne kwa wazazi wake. Akaimba Urusi, akaimba Romania, akaishia Constantinople, Istanbul ya leo. Alikaa huko zaidi ya miaka 10. Aliporudi Paris mwaka 1923, wanaomkumbuka yule wa kwenye picha walishindwa kumtambua.

Nataka mumtazame huyo Mistinguett kidogo, maana bila yeye hamtaona ugumu wa aliyoyafanya Fréhel baada ya kurudi. Mistinguett ndiye aliyekuwa malkia wa kumbi zile. Alishuka ngazi ndefu, kichwani manyoya ya ndege kama mnazi, mkia wa gauni unafagia vidato nyuma yake, wanaume wamejipanga pande zote. Miguu yake ilikatiwa bima, na magazeti yakahakikisha hakuna asiyejua. Huo ndio ulikuwa mtindo wa biashara: mwili kwanza, wimbo nyuma. Gabin mwenyewe, yule jambazi wetu wa filamu, aliwahi kuwa mmoja wa vijana waliocheza nyuma ya Mistinguett kule Moulin Rouge, ukumbi maarufu wa Paris.

Sasa wewe umerudi, umenenepa, sura imechoka, na mji mzima unajua kwa nini. Utashuka ngazi gani?

Hakushuka yoyote. Walimtangaza kwa maneno ambayo Kifaransa chake kina mchezo: asiyesahaulika ambaye hakusahauliwa. Akapanda hivyohivyo alivyo, hana manyoya. Inasimuliwa kwamba alikuwa akiwaambia watu wafunge midomo yao, maana yeye anafungua wake, na neno alilolitumia kwa midomo ni lile la midomo ya wanyama. Kisha anaimba. Na sauti iliyotoka haikuwa ya Pervenche. Ilikuwa imeshuka, imepanuka, ina changarawe. Ukisikiliza santuri zake za mwanzoni mwa miaka ya 1930 unapata mwimbaji bora kuliko angeweza kuwa yule binti. Ujana ungekaa, sauti hiyo isingekuja. Siisifu kokeini, vijana, msininukuu vibaya. Nasema alichobakiwa nacho alijua namna ya kukitumia.

Na teknolojia ilikuja wakati wake. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 santuri zilianza kurekodiwa kwa umeme, kwa maikrofoni, badala ya mtu kupiga kelele ndani ya pembe. Waimbaji wengi wa zamani waliendelea kupiga kelele mbele ya kile chombo kipya. Kwa masikio yangu, Fréhel ni miongoni mwa walioelewa upesi. Anaisogelea. Kuna mahali anaacha kuimba anasema tu, kisha anarudi kwenye mdundo bila kuuchelewa, kama anayerukia daladala iliyokwisha ng'oka.

Aina ya nyimbo zake Wafaransa wanaiita chanson réaliste, nyimbo za maisha yenyewe: makahaba, mabaharia, vijana wa visu, wanawake wanaosubiri. Mwaka 1931 alirekodi wimbo wa kokeini. Ndani yake mwanamke amemchoma kisu mpenzi wake, naye anaomba unga ule umvuruge akili. Hebu fikirini, kila aliyekaa ukumbini anajua yaliyompata mwimbaji, na yeye ndiye anayewaimbia hilo usoni mwao. Huwezi kumsengenya mtu aliyekwisha kujisema kwa kipaza sauti.

Lakini msidhani alikuwa wa vilio tu. Tel qu'il est, wa 1936, ni wimbo wa kuchekesha. Mwanamume wake ni kimbaumbau, mbaya kama kale ka mbwa kafupi ka miguu ya kupinda, ila yeye anampenda hivyohivyo alivyo. Waimbaji wetu wa mipasho wangeuelewa mara moja. Tofauti ni kwamba hacheki hata chembe. Anazitaja kasoro za bwana kama mama wa sokoni anayetaja bei ya nyanya, hataki mabishano. Na La Java bleue, wa 1939, ule ambao hata leo ukipigwa kwa kodiani kwenye harusi Ufaransa wazee wanainuka, una mdundo wa tatutatu wa kukumbatiana. Pale kwenye kiitikio anavuta sauti nyuma ya kodiani kidogo tu, mguu wako unajikuta umeahirishwa.

Wimbo ninaoupenda mimi ni mwingine, na ndio niliowaambia mkumbuke neno. La Chanson des fortifs, wa 1938. Ule ukuta wa kijeshi ulianza kubomolewa mwaka 1919, na mahali pake zikapandishwa nyumba za ghorofa. Wimbo unauliza yamekwenda wapi yale maboma na vile vilabu vya getini, maana humo ndimo nyimbo zote za zamani zilimofanyika; wale mabinti na wahuni wa nyimbo zile wako wapi; sasa ni ghorofa sita, lifti, na joto la mabomba. Watunzi wake ni wengine, Michel Vaucaire maneno, Georges van Parys muziki. Lakini anayeimba amezaliwa kando ya ukuta huohuo. Sikilizeni anavyolisema neno lifti. Halilalamikii. Halifurahii. Analiweka chini polepole kama kitu cha mgeni alichoombwa akishike. Nikiwa na mwanafunzi wa uigizaji ambaye hajui afanye nini na neno moja, huwa namchezea hapo.

Sinema ilimfuata kwa sababu hiyohiyo. Mwaka 1932 yuko kwenye Cœur de lilas ya Anatole Litvak, anaimba na Gabin ndani ya kilabu. Mwaka 1936 anapita kwenye filamu ya Sacha Guitry. Hakuwahi kupewa nafasi ya kwanza. Walimwita wakitaka chumba kijae harufu ya mtaa kwa dakika tatu. Akija, anaujaza.

Kuna kisa cha Serge Gainsbourg, aliyekuja kuwa mtunzi mkubwa wa kizazi cha baadaye. Mwaka 1938 alikuwa mtoto wa miaka 10, anaitwa Lucien, anakaa mtaa wa Chaptal, jirani na anakoishi Fréhel. Siku hiyo ametoka shule, amevaa nishani wanayopewa watoto waliofanya vizuri darasani. Anakutana na mama mkubwa aliyevaa gauni la chumbani barabarani, vijibwa kwapani, kijana wa kiume anamfuata nyuma. Mama anaiona nishani, anamsifu, anampeleka kilabuni anamnunulia sharubati na keki. Gainsbourg alikisimulia kisa hicho hadi uzeeni. Mimi napenda pale kwenye gauni la chumbani. Mwaka uleule alikuwa ametoka kurekodi wimbo wa maboma.

Baada ya Vita Kuu ya Pili kazi zilipungua. Nyimbo za namna ile zilikuwa zimepitwa, na Piaf alikuwa ameshazibeba kwingine. Mwaka 1950 baadhi ya vijana waliompenda walimtafutia jukwaa dogo karibu na Place de la Contrescarpe, akaimba hapo. Alifariki tarehe 3 Februari 1951, ana miaka 59, akazikwa Pantin, nje kidogo ya Paris. Nusu karne baadaye, mwaka 2001, filamu ya Amélie ilitoka, na katikati ya muziki wake mpya mkasikia santuri ya kukwaruza, mwanamke anaimba Si tu n'étais pas là. Wengi wenu mmeshamsikia basi, hamkujua ni nani.

Mama Mwenyekiti ananionyesha saa, na ana haki. Nimeomba tumalizie na kile kipande cha gramafoni, kina dakika chache tu. Nawaomba mkitazame mara mbili. Mara ya kwanza lieni mnavyotaka. Mara ya pili mtazame mdomo, mahali hasa anapoingia juu ya santuri, na pumzi anaivuta lini.

Kijana, zima feni kwanza. Ile sauti yake ya chini haitasikika na feni.